Siku mbili za treni, siku mbili za kusubiri: safari yangu na Mama hadi Prince Rupert

Mara ya mwisho Mama kupanda treni nyumbani ilikuwa usiku. Treni ya abiria ya kaskazini ilirudi Desemba 2019, baada ya reli kulala miaka zaidi ya 20, naye akaipandia Korogwe kwenda Moshi kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Aliponipigia simu kesho yake alikuwa na masikitiko. "Nimepita Mombo, nimepita Same, nimepita kote alikopita baba yako, na sikuona hata mti mmoja. Giza tupu."

Marehemu baba alikuwa gadi wa treni za mizigo. Taa yake ipo mpaka leo nyumbani Korogwe, pamoja na bendera mbili, nyekundu na kijani, ambazo Mama huzifua kila mwaka kabla ya mfungo. Kwa hiyo visa yake ya kuja kunitembelea Kanada ilipotoka mwanzoni mwa 2023, nilikuwa na nia moja tu: nimpandishe treni ya mchana.

Mimi naishi Edmonton, jimbo la Alberta. Treni niliyoichagua wengi huiita Skeena, kwa jina la mto. Inatoka Jasper, mji mdogo katikati ya milima ya Rockies, inakwenda magharibi hadi Prince Rupert kwenye bahari ya Pasifiki, karibu kabisa na mpaka wa Alaska. Ni kilomita 1,160, mara tatu kwa wiki, na inatembea mchana peke yake. Ukifika Prince Rupert unaweza kuunganisha na meli inayoshuka kusini kati ya visiwa mpaka Port Hardy, juu ya kisiwa cha Vancouver. Treni, kisha meli, kisha ndege ndogo ya kwenda Vancouver na nyingine ya kurudi Edmonton. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Tangu turudi, wenzangu wengi wameniuliza habari za njia hii, hasa wenye wazazi wanaokuja kutembea. Kila ninapowasikiliza wakipanga, nawasikia wakielekea kwenye makosa yale yale yaliyonigharimu mimi. Ndiyo maana naandika.

Kosa la kwanza nililifanya nikiwa bado nyumbani. Niliposoma kwamba safari ni ya siku mbili, nikadhani tunalala humo humo ndani, kama treni ya Kigoma. Sivyo. Treni inafika Prince George, mji wa njiani, jioni, abiria wote wanashuka, na kila mtu anajitafutia pa kulala hadi kesho asubuhi. Nauli haina chumba ndani yake. Mimi niligundua hivyo siku tisa kabla ya kuondoka, mwezi wa Juni, wakati kila mtu yuko safarini. Vyumba vya karibu na stesheni vilikuwa vimekwisha. Nilichopata kilikuwa cha dola 189, mwendo wa teksi, ghorofa ya pili, hakuna lifti. Mama alikuwa na miaka 71 na magoti yake si ya kupanda ngazi. Mkikata tiketi ya treni, kateni na chumba cha Prince George saa ile ile, na ulizeni habari ya ngazi.

Jasper nako tulilala usiku mmoja, dola 310. Kijana wa rafiki yangu alitupeleka kwa gari kutoka Edmonton, kama saa nne barabarani. Mwaka uliofuata, Julai 2024, moto wa msituni uliingia Jasper na kuteketeza karibu theluthi ya majengo ya mji. Ukienda sasa utaona miti myeusi imesimama kandokando ya mji. Stesheni yenyewe, iliyojengwa miaka ya 1920, ilinusurika. Nyumba tuliyolala sikujua hatima yake, na nikiri kwamba niliogopa kuuliza.

Treni iliondoka saa 6:45 mchana, Jumatano. Sisi tulikata daraja la kawaida. Miezi ya kiangazi kuna tiketi ya juu inayokupa chakula na behewa lenye paa la kioo, lakini ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, na nilijua Mama hatazipanda. Sikujutia. Madirisha ya daraja la kawaida ni makubwa, na watu walikuwa wachache kiasi kwamba tulihama viti tulivyotaka. Tiketi zetu mbili za daraja hilo hazikufika dola 400.

Siku ya kwanza kaeni upande wa kulia. Baada ya kupita mlango wa milima wa Yellowhead mnaingia jimbo la British Columbia na saa inarudi nyuma saa moja (Mama hakubadilisha yake, aliiacha kwenye saa ya Tanga safari nzima, akasema anataka kujua nyumbani wanakula nini). Kisha, upande ule ule wa kulia, unatokea mlima Robson. Una mita 3,954, ni mrefu kuliko yote ya Rockies upande wa Kanada, na siku nyingi huwa umejifunika wingu. Siku ile ulikuwa na wingu kiunoni, kilele kiko wazi, cheupe. Dereva alipunguza mwendo mpaka tukawa kama tunatembea kwa miguu. Mama alisogeza miwani, akatazama bila kusema neno kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Baba yako alikuwa anasema Kibo nayo ina siku zake."

Kuna kitu kimoja cha siku ile ambacho nakikumbuka kuliko mlima. Baada ya McBride treni inaanza kupita mahali ambapo huwezi kupaita stesheni. Ni kibao chenye jina, kibanda cha mbao, basi. Treni husimama mtu akiomba. Tulisimama mahali pamoja, akashuka mzee mmoja na mfuko wa unga, sanduku la mayai alilolifunga kwa kamba, na mnyororo mpya wa msumeno. Mhudumu alishuka naye, akamshikia mayai mpaka alipopata mguu imara kwenye kokoto. Hapakuwa na barabara tuliyoiona, wala nyumba. Njia ya miguu tu ikiingia kwenye misonobari. Mama alimpungia mkono, naye akavua kofia. Nadhani pale ndipo nilipoelewa kwamba treni hii ni ya watu wanaoishi huko kabla ya kuwa ya watalii, na kwamba sisi tulikuwa wageni ndani ya usafiri wa wenyewe.

Kosa la pili lilijitokeza jioni. Dawa za Mama za shinikizo la damu nilizipanga vizuri, kila siku na kifuko chake, halafu nikazitia kwenye sanduku kubwa lililokwenda behewa la mizigo. Nilihesabu kwamba tutafika Prince George mapema, anywe kwa chakula cha usiku. Tukachelewa. Saa yake ya dawa ikapita, miguu ikaanza kuvimba kwa kukaa, na mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu mchana, kwa hiyo nisingeweza hata kumpigia muuguzi kumuuliza kitu. Mama hakulalamika, na kimya chake kilinitesa zaidi. Tulipofika nilifungua sanduku pale pale chini, mbele ya watu, nikitupa nguo huku na huku kutafuta kifuko. Dawa zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, siku zote mbili na akiba ya siku tatu. Bima ya mgeni nayo, ile karatasi yenye namba ya simu, iwe humo humo. Na kila saa moja mzazi asimame, atembee mpaka mwisho wa behewa na kurudi. Kesho yake tulifanya hivyo na miguu haikuvimba.

Chakula nilikuwa nimekipanga sawasawa. Kwa sisi tunaokula halali, ndani ya daraja la kawaida utapata vitu vya kutafuna, chai na mikate ya kujaza, na mingi ina nyama usiyoweza kula. Nilibeba mahamri, chapati kumi na mbili, viazi vya kukaanga, mayai ya kuchemsha, tende, na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Mama aligawa mahamri behewa zima. Swala aliswali amekaa, akijumuisha na kupunguza kama msafiri. Kibla alikielekea mwanzo wa swala, halafu treni ikakata kona, naye akaendelea. Jueni tu kwamba mwezi wa Juni kule kaskazini swala ya magharibi inaingia kwenye saa 4 usiku hivi, na alfajiri inakuja upesi mno. Mzazi anayengojea isha halafu anaamka alfajiri hatapata usingizi. Pangeni mchana awe na nafasi ya kusinzia.

Siku ya pili treni iliondoka saa 2:00 asubuhi. Mpaka Burns Lake nchi ni tambarare kiasi, mashamba ya majani, maziwa, ng'ombe. Tuliona dubu mweusi akila maua ya njano kando ya reli, na baadaye moose, yule mnyama wa jamii ya paa aliye mkubwa kuliko farasi, amesimama majini mpaka magotini. Karibu na Fort Fraser ndipo msumari wa mwisho wa reli hii ulipopigwa, 7 Aprili 1914. Mtu aliyeisukuma reli hii zaidi ya wote, Charles Hays, hakuiona ikimalizika. Alizama na meli ya Titanic Aprili 1912, akiwa njiani kurudi kutoka Ulaya. Alitaka Prince Rupert iwe bandari ya kushindana na Vancouver. Sanamu yake iko mjini pale.

Halafu tukasimama.

Nieleze vizuri kwa nini, maana hapa ndipo kosa langu kubwa lilipokaa. Reli hii mwenyewe wake ni kampuni ya mizigo. Treni ya abiria inapita kwa ruhusa. Njia ni moja, na kupishana hufanyika kwenye vipande vya njia ya pembeni. Treni za mizigo siku hizi ni ndefu mno, kilomita mbili, tatu, hata zaidi, na nyingi haziingii kwenye njia hizo za pembeni. Kwa hiyo treni fupi ya abiria ndiyo inayoingia pembeni na kungoja. Hapakuwa na kosa la mtu. Ndivyo reli ile inavyofanya kazi, na ratiba yenyewe ukiisoma kwa makini inakuonya usifunge safari nyingine karibu na saa ya kufika.

Mimi nilikuwa nimeifunga. Treni ilipangiwa kufika Prince Rupert saa 2:25 usiku. Meli ilikuwa inaondoka kesho yake saa 1:30 asubuhi, na abiria wanatakiwa bandarini mapema zaidi. Niliona kwenye karatasi saa kumi na moja katikati nikasema zinatosha. Meli ile haiendi kila siku. Ukiikosa unangoja siku mbili.

Mara ya kwanza tulingoja dakika 40. Mara ya pili saa moja na nusu. Nilianza kutazama saa kila dakika, nikasimama, nikakaa, nikamuuliza mhudumu mara tatu swali lile lile. Mama yeye alikuwa amesogea dirishani, amekunja kanga mapajani, anahesabu. Treni ya mizigo ilikuwa inapita upande wa pili, kontena juu ya kontena zikitoka bandarini, chuma kikilia, kioo chetu kikitetemeka. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alifika behewa la 143, akapotea hesabu kwa sababu nilimsemesha.

"Mwanangu, kaa chini," aliniambia. "Treni fupi ndiyo inayopisha. Baba yako alikaa Mnyusi usiku mzima akipisha, mimi niko nyumbani na wewe tumboni, sijui kama yu hai. Hii ina choo na chai."

Nilikaa. Akanionyesha kitu ambacho nisingekiona: mtu wa treni yetu ameshuka, amesimama kando ya njia, anaitazama treni ya mizigo chini, magurudumu, behewa baada ya behewa. Mama alisema anatafuta moshi na chuma kinachoning'inia. "Ndiyo kazi. Baba yako alikuwa anaitazama hata treni ya mwenzake." Alifurahi kuliko alipouona mlima.

Smithers tulishuka kunyoosha miguu, mji wenye mlima wa barafu nyuma yake. Baada ya hapo nchi inabadilika ghafla. Reli inaendelea kufuata bonde la mto Bulkley, inaingia mahandaki, inapita juu ya madaraja ambayo ukitazama chini unaona maji meupe mbali sana. Ndiyo nchi ya Wagitxsan, mojawapo ya makabila ya asili. Kijiji chao cha Gitwangak kina nguzo za ukoo zilizochongwa na wazee wao zamani, bado zimesimama. Barabara kuu namba 16 nayo inakwenda na reli, na huko wanaiita Barabara ya Machozi, kwa wanawake na wasichana, wengi wao wa makabila ya asili, waliopotea au kuuawa kando yake wakiomba lifti kwa kukosa usafiri. Mabasi ya kuunganisha miji ile yalianza kuongezwa 2017. Nawaambia wadogo zangu mnaosafiri peke yenu na mabegi mgongoni: msisimamishe magari kwenye barabara ile.

Terrace tulifika saa 4 na nusu usiku, na kutoka hapo hamieni upande wa kushoto, maana mto Skeena uko kushoto mpaka mwisho. Ndilo jambo nililolihofia, kwamba kipande kizuri kuliko vyote tutakipita gizani kama Mama alivyoipita Same. Lakini ilikuwa wiki ya siku ndefu kuliko zote za mwaka. Jua lilikuwa limezama na mwanga ukakataa kuondoka. Mto ulikuwa mpana kama ghuba, reli iko chini kabisa kando ya maji, ukungu umelala juu yake kama moshi wa jikoni usio na upepo. Milima inaingia majini moja kwa moja, na kutoka juu zinashuka nyuzi nyeupe za maporomoko, nyingi, huwezi kuzihesabu. Wenyeji wa pwani ile, Watsimshian, wameuita mto kwa maji yatokayo mawinguni, na jina Skeena limetoka humo. Taa za ndani zilikuwa zimepunguzwa. Mama alilia kidogo, akajifuta kwa pindo la kanga. Sikumuuliza.

Tuliingia Prince Rupert saa 7 usiku kasoro dakika chache. Mama hawezi kusimama vizuri. Meli inataka tuamke saa 10 alfajiri. Nilisimama pale stesheni na masanduku, nikafanya hesabu ya pesa na hesabu ya mama yangu, nikaiacha meli iende.

Gharama yake niiweke wazi. Chumba siku mbili zaidi, dola 370. Sehemu ya nauli ya meli sikurudishiwa. Kubadilisha ndege mbili, dola 268 kwa wawili. Na siku mbili za likizo yangu ambazo ilibidi nimwombe mwenzangu wa kazini anishikie zamu. Kwa ujumla karibu dola 900 kwa jambo ambalo lingeepukika kwa kuongeza usiku mmoja tu, na ningependelea miwili, kati ya treni na meli. Wengine wanapanga kinyume, meli kwanza kisha treni, na ni busara nzuri, maana treni inaondoka Prince Rupert asubuhi kutoka mwanzo wa njia, haina wa kuipisha bado.

Usiku ule niliona nimeharibu safari. Siku mbili zile zikawa ndizo Mama anazozisimulia zaidi.

Prince Rupert ni mji wa mvua kuliko karibu miji yote ya Kanada. Mvua yenyewe si ya kishindo, ni rasharasha inayoanza ukiwa umelala na kuendelea ukiwa umeamka. Mwavuli haufai, upepo unaugeuza. Leteni koti la mpira lenye kofia na viatu visivyopitisha maji. Sisi tulinunua makoti pale pale kwa bei ya pale pale. Kisha tukashuka gatini. Mama ni mtu wa Pangani kwa upande wa mama yake, na alipoyaona maji yamepwa, nguzo za gati zimebaki wazi juu yetu kama minazi, alisimama. Kwetu bamvua kubwa hupanda mita 4 hivi. Pale maji yanaweza kupanda na kushuka hata mita 7. Tulirudi baada ya chakula cha mchana maboti yakiwa yamepanda juu kiasi kwamba yule mvuvi aliyekuwa chini yetu asubuhi sasa tulikuwa tunatazamana naye usoni. Alituuzia samaki wa salmoni kwa bei ya kirafiki, na mwenye nyumba tuliyopanga akaturuhusu jiko. Mama alimpika wa kupaka kwa tui la kopo. Mwenye nyumba aliomba sahani ya pili.

Siku ya pili tulikwenda Port Edward, kilomita 20 hivi, kwenye kiwanda cha zamani cha kutia samaki kwenye makopo kilichoanza 1889, sasa ni makumbusho. Kimejengwa chote juu ya nguzo, juu ya maji. Mwongozaji alituonyesha nyumba za wafanyakazi: hapa Wachina, pale Wajapani, kule watu wa asili na familia zao, na mameneja wazungu peke yao. Mama aliyatazama mabanda yale akaniuliza kwa sauti ndogo, "Si laini hizi?" Ndiyo, Mama, ni laini. Amekulia kando ya shamba la mkonge, anajua manamba walivyopangwa kwenye laini kwa makabila yao na msimamizi alivyokaa juu kilimani. Nilimtafsiria mwongozaji, naye akauliza maswali mengi ya mkonge kuliko sisi tuliyouliza ya samaki. Tungekuwa tumeondoka na meli ya kwanza tusingefika pale.

Meli tuliipata. Inaitwa Northern Expedition, imeanza kazi 2009, na safari ya kiangazi ni saa 16 mchana kutwa mpaka Port Hardy. Hapa kuna jambo la moyoni. Mama ana hofu ya meli tangu Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, Zanzibar, ikielekea Pemba. Jirani yetu alipoteza watoto wawili. Mimi nilijua, kwa kusoma, kwamba njia ile ile tunayopita iliwahi kuzama meli nyingine, Queen of the North, usiku wa 22 Machi 2006, iligonga kisiwa cha Gil. Nilikuwa nimeamua kumficha. Halafu nikaona kumficha mtu mzima kitu cha maisha yake si adabu, nikamwambia tukiwa bado gatini, ili kama hataki turudi.

Alinisikiliza. "Wangapi?" Nikamwambia walikuwemo 101, wakaokolewa 99, wawili hawakuonekana tena. "Nani aliwaokoa?" Nikamwambia watu wa Hartley Bay, kijiji kidogo cha Wagitga'at, waliosikia mwito redioni usiku wa manane wakatoka na maboti yao ya uvuvi kwenye baridi.

"Kama watu wa Nungwi," alisema, akapanda.

Alichofanya kwanza ndani ni kutaka aonyeshwe makoti ya kuokolea yalipo, na mhudumu mmoja alimzungusha kwa heshima kubwa. Nendeni na wazazi wenu wakaone. Inawatuliza kuliko maneno yetu. Pia kodini chumba kidogo cha kupumzikia melini hata kama ni safari ya mchana. Saa 16 kwenye kiti ni nyingi kwa mtu wa miaka 70. Tulipita mkondo wa Grenville, mwembamba hivi kwamba maporomoko ya pande zote mbili yalisikika, na tuliona nyangumi watatu, migongo tu na pumzi zao. Tulipotoka mkondoni na kukaribia kisiwa cha Gil, Mama alitoka nje kwenye upepo. Alizisomea Fatiha maiti mbili asizozijua, kisha akawaombea watu wa Hartley Bay, akitazama upande nilioonyesha.

Port Hardy tulifika karibu na saa 6 usiku. Bandari iko Bear Cove, mbali na mji, hakuna mahali pa kutembea kwa miguu na hakuna teksi zinazosubiri tu. Hapa nilikuwa nimejifunza. Teksi nilikuwa nimeiweka siku mbili kabla, na dereva alikuwepo, ameshika karatasi yenye jina la Mama.

Ndani ya gari Mama aliniuliza kama kesho tunaweza kwenda kusini ya kisiwa kwa treni. Nikamwambia hapa ilikuwepo, lakini haikuwahi kufika huku kaskazini, na ya abiria ilisimama 2011.

Alikaa kimya mpaka taa za mji zikaanza kuonekana. Kisha akasema, "Ya kwetu ilirudi," akaegemeza kichwa dirishani akalala.